Bwawa la Samaki Shambani, na Maji ya Kuogelea

Wasomaji wetu, mtu apitaye Ziba katika mwezi wa Machi huona maji kila upande. Majaluba ya mpunga yamejaa, vijito vyashuka kuelekea mto Manonga, na watoto watokao shule hawawezi kupita penye kidimbwi bila kutia miguu. Mtu huyo huyo akirudi mwezi wa Oktoba huona nchi nyingine kabisa. Udongo mweusi wa mbuga umepasuka nyufa ziwezazo kumeza fimbo ya mchungaji, vidimbwi vimekuwa tope lililokauka, na ng'ombe hutembezwa mbali kutafuta maji ya kunywa. Basi, mtu atakaye kuchimba bwawa lake mwenyewe katika nchi hii, apate samaki wa kitoweo na mahali pa watoto kuogelea, hana budi kuzijua nchi hizi mbili. Nasi twamwambia tangu mwanzo ya kwamba bwawa lake litahukumiwa mwezi wa Oktoba, wala si mwezi wa Machi.

Jambo hili si geni katika nchi ya Wanyamwezi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilihesabu safari yake kwa maji kuliko kwa maili. Burton na Speke walifika Kaze, karibu na Tabora ya sasa, tarehe 7 Novemba 1857. Kabla ya kufika walikuwa wamevuka Mgunda Mkali, nyika ile iliyo baina ya Ugogo na Unyamwezi, ambako maji yalikuwa haba, na kambi ilibidi ipigwe pale yalipopatikana. Mpagazi aliyekuta ziwa limekauka hakuwa na la kufanya ila kujitwika mzigo tena na kuendelea. Mfuga samaki hana hata njia hiyo, maana samaki hawawezi kubebwa kichwani kutafuta ziwa jingine.

Yafaa tukumbuke pia jambo la miaka ya karibu zaidi. Katika mwaka 1949 majaribio ya kufuga perege yalianza Korogwe, na vile vile Malya katika nchi ya Wasukuma, ambayo hali yake ya hewa haiachani sana na yetu. Mabwawa mengi yalichimbwa. Lakini baadaye mengi yaliharibika, kwa sababu ya ukame na kwa sababu hayakuangaliwa ipasavyo. Mwaka 1967 Serikali ya Tanzania ilifanya kampeni ya kufuga samaki, nayo pia haikuzaa matunda yaliyotarajiwa, kwa kukosa uangalizi mzuri. Hatuyasemi haya ili tumkatishe mtu tamaa. Twayasema ili ajue ya kwamba kuchimba shimo ni sehemu ndogo ya kazi.

Sasa tuanze na mahali. Jina la Ziba lafanana na neno la Kiswahili “kuziba.” Hatusemi kwamba hiyo ndiyo asili ya jina, lakini neno lenyewe lafaa sana hapa, kwa kuwa udongo usioziba maji haufai kwa bwawa. Udongo wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni, ni mwepisi kuchimba, lakini hunywa maji kama kitambaa. Udongo wa mfinyanzi hushika maji. Kuna njia mbili za kuupima, wala hazihitaji fedha. Ya kwanza, chukua udongo uliolowa kidogo, ufinyange tonge, ulirushe juu na kulidaka. Likishikamana bila kuvunjika, udongo huo una mfinyanzi wa kutosha. Ya pili ni bora zaidi. Chimba shimo la kufika kiunoni, ulijaze maji asubuhi, na jioni ulijaze tena. Kesho yake, ukikuta maji mengi yangalimo, mahali hapo panafaa. Ukikuta shimo limekauka, tafuta mahali pengine kabla hujapoteza nguvu zako.

Usichimbe bwawa katikati ya mkondo wa kijito. Watu wengi hufanya hivyo kwa kuwa waona maji yapo tayari, lakini mafuriko ya usiku mmoja huweza kubomoa ukingo na kuwachukua samaki wote hata mbuga ya Wembere. Chimba kando ya mkondo, au chini ya mteremko mdogo, kisha uyalete maji kwa mfereji. Kabla ya maji kuingia bwawani yapite katika shimo dogo la kunasa tope, ambalo utalizoa kila kiangazi. Na upande wa pili uweke njia ya kutokea maji yaliyozidi, pana na ya chini kidogo kuliko ukingo, iliyopandwa nyasi au kutandikwa mawe, na izuiwe kwa wavu ili samaki wasitoroke. Jambo la mwisho juu ya mahali: maji ni mali ya watu wote. Kabla ya kuugeuza mkondo wowote, nenda kwa viongozi wa kijiji na ofisi ya bonde la maji, uulize kama kibali chahitajiwa. Jirani aliye chini yako naye ana ng'ombe.

Baada ya mahali huja kina, na hapa twaomba msomaji achukue kalamu afuatane nasi. Katika sehemu hizi mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, nayo kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 700. Lakini jua na upepo huyachukua maji mengi kuliko watu wadhaniavyo. Katika miezi 6 ya kiangazi maji yaliyo wazi hupungua karibu mita 1 kwa kukauka tu, hata kama hakuna tone livujalo chini. Kwa hiyo bwawa lenye kina cha mita 1 mwezi wa Aprili si bwawa. Ni kidimbwi kilichokopwa kwa mvua, na jua litakidai kabla ya Novemba.

Tuchukue mfano wa bwawa moja. Juu lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 15. Kina chake ni mita 2½. Kuta zake hazikusimama wima, bali zimelazwa, hivi kwamba kwa kila mita 1 ya kwenda chini ukuta huingia ndani mita 2. Basi sakafu yake itakuwa mita 10 kwa 5. Bwawa hili likijaa litachukua maji kama mita za ujazo 400. Watu 10 wakichimba na kutoa udongo mita 2 za ujazo kila mtu kwa siku, wataimaliza kazi kwa siku 20. Je, maji ya kulijaza yatatoka wapi? Hekta 1 ya ardhi ikipata milimita 700 za mvua hupokea mita za ujazo 7,000. Hata ikiwa sehemu moja tu katika kumi yatiririka na kuletwa na mfereji, ni mita za ujazo 700. Basi maji ya kulijaza yapo, nayo ni zaidi ya mahitaji.

Sasa tulitazame bwawa hilo mwishoni mwa Oktoba. Mita 1 imekauka. Zimesalia mita 1½ za kina. Uso wa maji, ambao mwezi wa Aprili ulikuwa mita za mraba 300, sasa ni mita 16 kwa 11, yaani mita za mraba 176. Msomaji azishike sana tarakimu hizi, maana tutazirudia tutakapohesabu samaki.

Udongo uliotolewa ufanywe ukingo, lakini usitupwe ovyo. Wakulima wa majaluba wajua kujenga matuta yanayoshika maji. Wafanye vivyo hivyo hapa, ila kwa uangalifu zaidi. Ng'oa nyasi na mizizi yote mahali ukingo utakaposimama. Weka udongo tabaka kwa tabaka, ulowe kidogo, ushindiliwe kwa gogo. Ukingo uzidi usawa wa maji kwa nusu mita. Udongo mweusi wa mbuga una hila yake: ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka, na mvua ya kwanza hupita katika nyufa na kuubomoa ukingo. Kwa hiyo uchanganye na udongo wa changarawe, na juu yake upande nyasi fupi zitambaazo. Usipande miti juu ya ukingo, maana mizizi yake hufungua njia za maji.

Baada ya bwawa kujaa, mnamo Januari au Februari, ni wakati wa kutia samaki. Waanzao watie perege, wakiwemo wale waitwao sato. Samaki hawa hula chakula cha namna nyingi, hupenda maji ya vuguvugu, na hula viluwiluwi vya mbu walioko mahali pa wazi. Lakini wana ila moja. Mama wa sato hulea mayai na watoto kinywani, kwa hiyo wengi huokoka, nao huzaana upesi hata bwawa hujaa vidagaa visivyokua. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kununua vifaranga madume watupu. Ya pili ni kutia kambare wachache wadogo, baada ya miezi 2 au 3, ili wale wale watoto wa perege. Kambare hao wawe wadogo kuliko perege unaowafuga, na mmoja kwa perege kumi watosha. Ukitia kambare mkubwa siku ya kwanza, umemfuga yeye peke yake. Kambare tena hupumua hewa, na usiku wa mvua huweza kutambaa nje ya maji. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na ukingo mrefu.

Vifaranga visichukuliwe popote. Serikali ina vituo vya ukuzaji wa viumbe maji, kama Kingolwira katika mkoa wa Morogoro na Mwamapuli katika wilaya ya Igunga. Na afisa uvuvi wa wilaya atakueleza wapatikanako kwa wakati huo. Usilete samaki wa ziwa jingine kwa siri. Sangara aliyetiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 amewaonyesha watu wote jinsi samaki mmoja mgeni awezavyo kulibadili ziwa zima.

Je, tutie wangapi? Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hulitazama bwawa lake limejaa mwezi wa Februari, akahesabu mita za mraba 300, akatia vifaranga 2 kwa kila mita, yaani 600. Lakini samaki hao watakapokuwa wakubwa, wenye kuhitaji nafasi na hewa, bwawa litakuwa na mita za mraba 176 tu. Ndipo alfajiri moja atawakuta wakihema juu ya maji, na jua litakapochomoza watakuwa wakielea. Hesabu samaki kwa maji ya Oktoba: 176 mara 2 ni kama 350. Hao ndio bwawa lako liwezao kuwalisha mwaka mzima. Kisha, tangu mwezi wa Julai, anza kuvua kidogo kidogo kwa ndoana au kwa wavu, ili samaki wapungue kadiri maji yapunguavyo. Tukisema kati ya 350 wamesalia 280, na kila mmoja ana robo kilo, umepata kilo 70 za samaki katika miezi ambayo mboga ni haba.

Chakula cha kwanza cha samaki ni maji yenyewe yakiwa na rangi ya kijani. Katika pembe moja ya bwawa zungushia fito, utie humo samadi ya ng'ombe na majani mabichi. Kupima ni rahisi. Tia mkono majini hata kiwiko. Ikiwa kiganja chako bado chaonekana wazi, ongeza samadi. Ikiwa kimepotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji ni mazito mno, acha kutia samadi. Tena wape pumba za mpunga na mashudu ya alizeti, mahali pamoja na saa zile zile, kiasi ambacho watakimaliza kwa muda mfupi. Katika usiku wa baridi wa Juni na Julai hula kidogo, kwa hiyo punguza. Ukiwaona wakihema juu ya maji asubuhi mapema, acha chakula na samadi, na kama una maji mapya yaongeze.

Wilaya yetu ni ya wakulima wa pamba, basi hapana budi kutoa onyo. Dawa za kuua wadudu wa pamba huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Usioshe bomba la dawa katika bwawa wala katika mfereji wake, usiache mfereji upite katika shamba la pamba, na usipige dawa kando ya bwawa upepo ukivuma kulielekea.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watoto walikuwa wakilingoja, yaani kuogelea. Twasikitika kusema neno ambalo hawatalipenda. Bwawa la samaki katika nchi hii si mahali pa kuogelea, na sababu yake ni kichocho.

Ugonjwa huu hauletwi na maji peke yake, bali na watu, konokono na maji vikikutana. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa, na viumbe vidogo vitokavyo humwingia konokono. Baada ya majuma kadhaa konokono huyo hutoa viumbe vingine vingi, visivyoonekana kwa macho, navyo hutoboa ngozi ya mtu aliye majini bila yeye kusikia. Daktari Theodor Bilharz aliwaona minyoo hao Cairo katika mwaka 1851, na mwaka 1915 Robert Leiper, akifanya kazi huko huko Misri, alithibitisha kwamba konokono ndiye awapitishaye. Mtoto mwenye kukojoa damu hana jambo la kuonea haya, wala si dalili ya kubalehe kama wengine wadhanivyo. Apelekwe kwenye zahanati au hospitali apimwe. Dawa iitwayo praziquantel huwaua minyoo, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi majini siku ya pili.

Kwa hiyo, fyeka nyasi na matete yote ya ukingoni, maana huko ndiko konokono hukaa na mbu hutaga mahali samaki wasipowafikia. Chimba choo mbali na bwawa, wala mtu asikojoe majini. Anayeingia kuvuta wavu avae viatu virefu vya mpira, na kila mwaka apimwe.

Je, watoto wasijue kuogelea kamwe? La, hasha. Mtoto asiyejua kuogelea hufa upesi katika lambo. Lakini wafundishwe katika maji mengine. Viumbe vile vitokavyo kwa konokono, visipompata mtu, hufa ndani ya siku 2. Basi maji yaliyowekwa katika tangi lisilo na konokono kwa siku 2 kamili hayana tena hatari ya kichocho. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa la mabati hayana hatari hiyo tangu mwanzo. Shule yenye paa la mita za mraba 200 hupokea mita za ujazo 140 kwa mwaka wenye milimita 700, na hata yakipotea kidogo zaidi ya 100 zaweza kukingwa. Birika la matofali na saruji, lenye mita 4 kwa 3 na kina cha sentimita 90, latumia mita za ujazo 11 tu. Lijazwe wakati wa mvua, litiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa, litumiwe siku chache, kisha maji yaachwe siku kadhaa klorini iishe na kumwagiwa miche, birika lisuguliwe na kukaushwa. Kwa njia hiyo mtoto amejifunza, na hakuna maji yaliyopotea.

Lakini birika na bwawa vyote viwili vyaweza kuua. Zungushia ua wa minyaa au miiba, wenye mlango mmoja ufungwao. Mtoto asiingie ila mbele ya mtu mzima ajuaye kuogelea. Na kando ya maji pawepo siku zote mti mrefu, pamoja na kamba iliyofungwa dumu tupu lenye kifuniko, vya kumtupia mtu anayezama. Ule mteremko wa kuta tuliousema nao humsaidia aliyeteleza kupata mahali pa kukanyaga.

Wasomaji wetu, wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Bwawa lenye samaki mwezi wa Oktoba limeundwa kwa udongo uliopimwa, kina kilichohesabiwa, ukingo ulioshindiliwa, na mikono iliyokumbuka kufyeka na kuvua kwa wakati wake. Basi mwenye nia ya kuchimba asianze na jembe. Na aende kwanza shambani kwake mwezi wa Oktoba, asimame pale alipopachagua, aitazame ardhi iliyokauka, ajiulize ni maji kiasi gani yangebaki hapo leo. Akipata jibu, ajue kwamba amekwisha kuanza kuchimba.